Lugha Moja, Pwani Mbili: Nzwani na Maore

Baina ya pwani ya Msumbiji na kisiwa cha Bukini vimejipanga visiwa vinne ambavyo wazee wa Unguja wamezoea kuviita vyote kwa jina moja la Ngazija. Kwa hakika Ngazija ni kimojawapo tu. Hicho ndicho cha magharibi kabisa, kikubwa kwa eneo na kichanga kwa umri. Mlima wake wa Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ulitema moto mwaka 2005. Kati wako Mwali na Nzwani. Mashariki iko Maore, kongwe ya visiwa vyote, ambayo milima yake imekwisha liwa na mvua za karne nyingi, na matumbawe yameizunguka kwa mbali kama ua.

Wajuzi wa lugha huzigawa lahaja za visiwa hivyo mafungu mawili: Shingazija na Shimwali upande mmoja, Shinzwani na Shimaore upande wa pili. Zote ni ndugu za Kiswahili. Maore pia viko vijiji vinavyosema Kibushi, lugha iliyovuka kutoka Bukini. Lakini Mnzwani na Mmaore wakikutana hawahitaji mkalimani. Kwa ulimi, basi, hao ni watu wa nyumba moja. Siasa ndiyo iliyojenga ukuta katikati ya nyumba.

Ukuta huo ulianza zamani. Mwaka 1841 Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyetoka Bukini na kuishika Maore, alikikabidhi kisiwa hicho kwa Wafaransa. Visiwa vitatu vilivyobaki viliingia chini ya himaya yao mwaka 1886, yaani miaka 45 baadaye. Dzaoudzi, katika Maore, ikawa makao makuu ya utawala. Makao hayo yalipohamishiwa Moroni, Ngazija, katika miaka ya 1960, watu wa Maore waliona kazi na hadhi vikiondoka pamoja na makabati ya serikali. Wanawake ndio waliosimama mbele, miongoni mwao Zena Mdere. Silaha yao haikuwa panga wala bunduki: waliwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka wakaondoka kwa fedheha.

Tarehe 22 Disemba 1974 ikapigwa kura ya uhuru. Kwa jumla ya visiwa vyote, takriban watu 95 katika kila 100 waliukubali. Maore peke yake, karibu thuluthi mbili waliukataa. Ahmed Abdallah, naye mzaliwa wa Nzwani, alitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ilihesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ikabaki Maore. Mwaka 2011 Maore ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa, ilhali bendera ya Komoro ingali na nyota nne.

Hata baada ya uhuru, Mnzwani aliweza kuvuka kwenda arusini, sokoni au kwa tabibu. Mwaka 1995 Ufaransa ikaweka sharti la viza. Toka hapo safari ya kilomita 70 hivi imekuwa ya usiku na ya siri, katika vyombo vidogo viitwavyo kwasa-kwasa, na maelfu ya watu wamezama. Miongoni mwa waliomo wamo wagonjwa wanaotafuta hospitali, na kina mama wajawazito.

Kumlaumu Mfaransa pekee ni kusimulia nusu ya kisa. Hofu ya Wamaore ilikuwa ya kweli: walichelea kuwa wadogo katika dola ya wakubwa, na Moroni haikufanya juhudi ya kuituliza. Mapinduzi yaliyofuatana Komoro baada ya uhuru yaliwapa kila sababu ya kubaki walipo. Lakini sababu hizo, hata zikiwa na uzito, hazimrudishii mtu mwanawe aliyechukuliwa na mkondo. Maiti akiokotwa katika ufuko wa Maore, huoshwa, huvishwa sanda na kusaliwa, kisha huombewa kwa maneno yale yale ambayo mamake, ng'ambo ya pili, angeitikia amina.