Mchagua Jembe Huyu ni Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa shamba la mhogo au la mpunga methali hiyo haina ubishi. Anayesimama ukingoni akilalamikia mpini huachwa na mvua. Lakini yako mambo ambayo methali hii hugoma kuyafaa, na juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumzie moja: mchezo wa kuteremka milima ya theluji kwa ubao.

Kisa ni barua. Msikilizaji mmoja wa Mombasa ameniandikia kwamba mpwa wake, anayeishi na kufanya kazi Canada, anaweka akiba ili msimu wa baridi aende Japani, katika milima ya Nagano. Safari yenyewe haikumshangaza mjomba. Kilichomshangaza ni mizigo: ubao mwembamba unaompita kijana kwa kimo, viatu vya plastiki vigumu kama ndoo, tupa, nta, na mfuko wa skrubu. "Je, huko Japani hakuna maduka ya kukodisha?" anauliza mzee wetu. "Au ni ufahari tu?"

Maduka yapo, tena mengi. Ila vifaa anavyovitaka kijana huyu ni nadra sana kuvikuta humo. Na kisa cha kutokuwamo ni historia ndefu kidogo, ambayo naomba tuifuate tangu mwanzo.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan nchini Marekani, mhandisi aitwaye Sherman Poppen alifunga ski mbili pamoja ili binti zake wateremkie kilima wakiwa wamesimama. Mkewe akaunganisha neno la theluji na lile la kupanda mawimbi, akakiita chombo hicho Snurfer. Kilikuwa ubao na kamba ya kushikilia mbele, basi. Watoto wakakipenda, kikauzwa kwa wingi, na wakubwa wakakihesabu kuwa ni mwanasesere.

Mwaka 1977 kijana Jake Burton Carpenter alianzisha karakana yake katika jimbo la Vermont. Mabadiliko aliyoyaleta yalikuwa madogo kwa macho lakini makubwa kwa matokeo: aliweka vifungio vya miguu. Mtu akiwa amefungwa kwenye ubao anaweza kuulaza, kuusimamisha na kuugeuza apendavyo. California naye Tom Sims alikuwa akiunda mbao zake, na mwaka 1983 akaandaa mashindano aliyoyaita ya dunia huko Soda Springs.

Walakini vituo vya michezo ya theluji havikuwapokea. Wenye ski waliwaona kuwa ni vijana wahuni wanaoharibu miteremko, na vituo vingi vikawakataza hata kupanda viti vya waya vinavyopeleka watu juu. Baadaye milango ilifunguka mmoja mmoja. Hata hivyo viko vituo Marekani, kama Alta wa jimbo la Utah na Mad River Glen wa Vermont, vilivyoendelea kuwazuia hata baada ya mwaka 2020.

Hapo ndipo njia ilipogawanyika mara mbili, nasi tufike kwenye vile viatu vya mpwa wetu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kuruka na kufanya michezo hewani, kwa ubao mpana na viatu laini. Njia ya pili, iliyoshika sana Ulaya katika miaka ya 1980, ilikuwa ya kasi na ya kuchonga. Kuchonga maana yake ni hivi. Ubao una makali ya chuma pande zote mbili, na ubavu wake umeingia ndani kidogo kama kiuno. Ukiulaza ubavuni, makali huzama katika theluji na kiuno kile huuongoza ubao kwenye duara. Hauburuzwi wala hauserereki. Nyuma yake hubaki mstari mmoja mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli. Huko Zinal, Uswisi, wako waliofikisha ufundi huu mahali ambapo mwili wa mtu hulala karibu sambamba na theluji.

Sasa tazama jinsi kitu kimoja kinavyodai kingine. Ili ubao ugeuke upesi kutoka ubavu huu hadi ule, ni lazima uwe mwembamba. Ubao wa kawaida una upana wa kama sentimeta 25 kiunoni. Huu una kama 18 hadi 20. Mguu wa mtu mzima hauenei kwa mkingamo, kwani vidole na kisigino vingegusa theluji na kumwangusha. Kwa hiyo nyayo huelekezwa mbele. Nyayo zikielekea mbele, viatu laini havina nguvu ya kutosha kuulaza ubao. Basi vinatakiwa viatu vigumu, jamaa wa vile vya ski, na vifungio vya chuma vya kuvibana mbele na nyuma. Ukikiondoa kimoja, hivyo vingine havina kazi.

Kwa muda ilionekana kana kwamba njia hii ya pili ndiyo ingeurithi mchezo. Ubao wa theluji ulipoingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mwezi Februari mwaka 1998, huko huko Nagano, medali ya kwanza kabisa haikugombaniwa na warukaji. Iligombaniwa katika mbio za kupita milingoti, kwenye mlima Yakebitai ulioko Shiga Kogen. Ross Rebagliati wa Canada alishinda kwa sehemu mbili tu za mia za sekunde mbele ya Thomas Prugger wa Italia. Siku chache baadaye akanyang'anywa medali kwa kukutwa na chembechembe za bangi mwilini, kisha mahakama ya michezo ikamrudishia, kwa kuwa bangi haikuwa imepigwa marufuku kwa namna ya kuhalalisha adhabu hiyo. Dunia nzima ikaijadili bangi, na ubao wenyewe ukasahauliwa.

Michezo hiyo hiyo ya Nagano, sisi wa Afrika Mashariki tunaikumbuka kwa jina jingine: Philip Boit. Mkenya huyu, mkimbiaji wa mbio za kati, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza ski, akidhaminiwa na kampuni ya Nike. Tarehe 12 Februari 1998 alishiriki mbio za kilometa 10 huko Hakuba akawa wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie akamngoja kwenye mstari, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie. Namtaja hapa kwa sababu moja. Kwa mtu atokaye kwenye nchi isiyo na theluji ya kuchezea, kila kitu cha mchezo huo ni mzigo wa safari: ski, fimbo, nta, hata kocha. Boit hakuwa na duka la jirani la kukimbilia. Mpwa wa mzee wetu anaishi kwenye theluji, na bado yuko karibu na hali hiyo hiyo.

Sababu ni soko. Viatu laini unaweza kutembea navyo mpaka mkahawani. Viatu vigumu vinakutembeza kama mtu aliyefungwa plasta. Anayejifunza hutaka wepesi, na watoto walitaka kuruka kama walivyoona kwenye televisheni. Maduka ya kukodisha, ambayo faida yake ni kifaa kinachomfaa kila mteja, yakajaza mbao pana. Kiwanda nacho hufuata duka. Hata kampuni ya Burton, ambayo miaka ya 1990 ilikuwa na mbao zake za kuchonga, iliachana nazo.

Pigo jingine lilitoka kwa majirani. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilileta ski zenye kiuno cha ndani zaidi, na baada ya miaka michache karibu watengenezaji wote wakafuata. Mtu wa kawaida sasa angeweza kuchonga kwa ski. Utamu uliokuwa wa ubao ukapatikana bila kuvaa kitu kigeni.

Kazi ya kuunda mbao nyembamba ikabaki zaidi kwa karakana ndogo, kama Kessler ya Uswisi na Donek ya Colorado. Katika Olimpiki nako mambo yalipanda na kushuka. Mwaka 2014 huko Sochi kulikuwa na mbio mbili za sambamba, na Vic Wild, mzaliwa wa Marekani aliyeichezea Urusi, akazishinda zote mbili. Kufika mwaka 2018 mojawapo ilikuwa imeondolewa. Lakini mwaka huo huo, huko Pyeongchang, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech alishinda dhahabu ya ski tarehe 17 Februari, na juma moja baadaye dhahabu ya ubao. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushinda dhahabu katika michezo miwili tofauti kwenye Olimpiki moja ya majira ya baridi. Mwaka 2022 akaishinda tena ile ya ubao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kifaa hiki kilishindwa mlimani. Kilishindwa dukani.

Sasa mjomba atafahamu ratiba ya mpwa wake. Viatu havitaingia kwenye shehena ya ndege, atavibeba mkononi. Ubao ukipotea anaweza kuazima mwingine kwa mchongaji mwenzake, lakini viatu vilivyokaa mguuni mwake kwa miaka haviazimiki. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri, na kiatu cha kuazima hakigeuzi ubao. Tena atavikagua kabla ya safari, kwani plastiki huzeeka, na kiatu cha zamani kinaweza kupasuka kwenye baridi. Tupa ni ya kunoa makali, nayo itakwenda na mizigo ya chini, maana walinzi wa uwanja wa ndege hawataipenda. Skrubu na vifungio vya akiba ni kwa sababu kikikatika kimoja, pengine hakuna duka mji mzima lenye cha kufanana nacho. Sisi wa redio tunalifahamu hilo: anayekwenda mbali hutembea na betri zake.

Akifika Japani atapata nafuu. Tangu mwaka 1976, kampuni ya Yamato ilipoanzisha huduma iitwayo takkyubin, mizigo husafirishwa mlango hadi mlango, nao watu wa ski huutuma mzigo wao kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini. Treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Nagano ilifunguliwa Oktoba 1997, kwa ajili ya Olimpiki ile. Japani pia ni nchi ambayo uchongaji haukufa. Wako watu wengi huko wanaojali mstari ulionyooka kuliko kuruka.

Jambo moja tu halipangiki: hali ya hewa. Wageni wengi huenda Japani kwa ajili ya theluji yake nyingi na laini. Mchongaji anaiogopa, kwani ubao mwembamba huzama humo. Yeye anataka mteremko uliosawazishwa usiku na mashine, ukaganda, na kiti cha kwanza cha asubuhi kabla wengine hawajauvuruga. Hotelini watu wote watakuwa wakiomba theluji inyeshe, naye peke yake ataomba ikome.

Basi mzee wangu wa Mombasa, huo si ufahari. Kijana ameshika ufundi ambao soko liliuacha njiani, na asiyekuta jembe lake sokoni hana budi kusafiri nalo. Gharama ya mzigo wa ziada anaweza kuilalamikia, hiyo ni haki yake. Ila mkumbushe tu kuhusu viatu: asikubali vitenganishwe naye.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.