Shamba, Bustani na Malisho: Tamthiliya ya Kirusi katika Uwanda wa Basotu

Mwezi Juni mwaka 2024, katika ukumbi wa LG Arts Center jijini Seoul, ilionyeshwa Bustani ya Micheri, tamthiliya ya mwisho ya Anton Chekhov. Mwongozaji wake, Simon Stone wa Australia, hakutosheka na kuyafasiri maneno ya Kirusi kwa Kikorea. Aliihamisha hadithi yenyewe. Bibi mwenye shamba kubwa la Urusi aligeuka kuwa Song Do-young, binti wa ukoo wa matajiri wa Korea ya leo, anayerejea kutoka Marekani na kukuta nyumba na kampuni ya ukoo vimo hatarini. Lopakhin, mjukuu wa watwana ambaye katika tamthiliya asilia ndiye anayelinunua shamba hilo mnadani, alikuwa Hwang Doo-sik, mtoto wa dereva wa ukoo huo. Hivyo mtazamaji wa Seoul aliletewa matatizo ya mji wake mwenyewe, wala hakulazimika kwanza kujifunza habari za watwana walioachwa huru na mfalme wa Urusi mwaka 1861.

Tukio hilo linaibua swali linalouhusu Uswahili moja kwa moja. Tamthiliya ya ugenini inapohamia kwa hadhira mpya, ni kitu gani hasa kinachohama? Mhadhara huu unalijibu swali hilo kwa kuutazama msamiati wa ardhi katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako kupotea kwa ardhi ni jambo lililokwishafika mahakamani.

Kiswahili si kigeni katika kazi ya namna hii. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na jina hilo peke yake laonyesha jinsi mhusika alivyokwisha kupewa uraia wa matamshi ya Kiswahili. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, ambamo mfanyabiashara wa Shakespeare alivishwa neno zito la siasa za wakati ule. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth na Tufani. Warusi waliingia kwa mlango wa Nikolai Gogol, ambaye tamthiliya yake ya mwaka 1836 ilifasiriwa na Christon Mwakasaka na kuchapishwa mwaka 1979 kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa msomaji wa Tanzania, kwani mkaguzi, na hofu inayomtangulia, vilikwisha kufahamika katika kila ofisi ya wilaya.

Chekhov ni mgumu zaidi, na ugumu unaanzia kwenye jina la kazi yenyewe. Konstantin Stanislavski, aliyeiongoza tamthiliya hiyo mjini Moscow mwezi Januari 1904, alisimulia baadaye kwamba Chekhov alifurahi sana siku alipobadili mkazo wa neno moja katika jina hilo. Kwa mkazo wa kwanza, neno lilimaanisha shamba la micheri linaloleta mapato. Kwa mkazo wa pili, lilimaanisha bustani isiyozalisha chochote ila uzuri wa maua yake meupe. Kiswahili hakiwezi kuifuata njia hiyo, kwa kuwa mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara. Hata hivyo kina maneno mawili yanayoifanya kazi ileile kwa uwazi zaidi: shamba na bustani. Mfasiri hana budi kuchagua, na akishachagua amekwisha kuamua ni nani anayeitazama ardhi hiyo, mwenye kuihesabu au mwenye kuipenda.

Katika Hanang maneno hayo mawili hayatoshi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu. Yakafikia mashamba saba, na eneo lililochukuliwa likawa kiasi cha ekari 100,000. Kwa macho ya wapangaji, uwanda ule ulikuwa pori lililosubiri trekta. Kwa Wabarabaig, ambao ni tawi kubwa la Wadatooga, ulikuwa malisho, tena malisho bora kuliko yote, wanayoyaita muhajega, ambako ng'ombe walipelekwa kwa majira yake na kuondolewa kwa majira yake. Humo pia yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yale matuta ya heshima yaitwayo bung'eda. Mengine yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walilishtaki shirika hilo. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Miongoni mwa hoja zilizowaangusha ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai walikuwa wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Mwanaisimu hawezi kuipita hoja hiyo bila kusimama. Neno ambalo kwa Kiswahili cha kila siku linamstahili yeyote aliyezaliwa mahali na kuzikiwa wazee wake hapo, mahakamani lilidai ushahidi wa namna nyingine. Mzee anayezungumza Kidatooga alihitaji kwanza Kiswahili ili asikike nje ya kijiji chake, na mwishowe hukumu iliandikwa kwa Kiingereza.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba njia ya Seoul haiwezi kunakiliwa ilivyo. Katika Chekhov, anayepoteza ni bwana na anayenunua ni mjukuu wa mtwana; mtazamaji humhurumia wa kwanza bila kumchukia wa pili. Hanang kisa kimepinduka. Waliopoteza ni wafugaji wasio na hati, na aliyechukua ni shirika la umma lililotenda kwa jina la taifa na kwa nia ya kulilisha. Mwongozaji atakayemvika bibi wa Kirusi mavazi ya Kibarabaig, na Lopakhin mavazi ya mkulima wa Kiiraqw, atakuwa amepotosha historia na kuwachonganisha majirani.

Mhusika anayestahili kuhamia Hanang ni mwingine kabisa. Ni Firs, mtumishi mzee, ambaye mwishoni mwa tamthiliya husahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa, huku nje mashoka yakiikata miti. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumshughulikia. Huko ndiko kufanana kwa kweli: si kufanana kwa mavazi wala kwa cheo, bali kwa mtu ambaye hakuna aliyemkusudia ubaya, ila hakuna aliyemkumbuka mipango ilipopangwa.

Hadhira ya Mbulu ingemwelewa Firs kwa namna ambayo Moscow haikuweza. Wairaqw wana slufay, dua ya wazee inayosemwa kwa mafungu, na kila fungu hupokewa na waliohudhuria kwa mwitikio wao. Kwao mzee anenapo hadharani, kunyamaza si adabu. Kuitikia ndiyo adabu. Watu waliozoea hivyo wakimwona mzee akinena peke yake jukwaani, fungu baada ya fungu, pasipo sauti ya kumpokea, hawatahitaji kuelezwa kilichotokea.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliitambua haki miliki ya kimila, na sheria ya mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mabadiliko hayo yamepanua mahali ambapo mzee wa Basotu anaweza kunena. Kuitikiwa ni jambo jingine, na halitungiwi sheria.