Shaba ya Kwanza Ilitoka Nchi ya Chai

Kimulot iko juu, katika kaunti ya Bomet, upande ambako mashamba ya chai yanakaribiana na msitu wa Mau. Alfajiri, wachumaji wakijitwika vikapu kwenda kutafuta majani mawili na kichipukizi, vijana nao hupita mbio kwenye barabara ya murram, miguu imelowa umande. Wanariadha hao wamekulia kwenye sifa za Kipchoge Keino, na Keino anastahili kila sifa. Lakini medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki haikuwa yake. Ililetwa na mtu wa huku huku kwenye chai: Wilson Kiprugut Chumo, Mkipsigis wa Kericho, aliyezaliwa mwaka 1938 na kupata umaarufu akiwa askari.

Siku hizi ni vigumu kuamini kwamba Kenya iliwahi kuwa nchi ndogo riadhani. Mwaka 1954, ikiwa bado koloni, ilituma timu Vancouver kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, na Nyandika Maiyoro wa Kisii akamaliza wa nne katika maili tatu. Miaka miwili baadaye ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne, ikatoka mikono mitupu. Roma 1960, vilevile. Faraja ilitoka Jumuiya ya Madola: shaba mbili za Bartonjo Rotich na Arere Anentia kule Cardiff 1958, kisha dhahabu mbili za Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, kule Perth 1962.

Tokyo ilipofungua milango Oktoba 1964, Kenya ilikuwa na miezi kumi tu tangu uhuru. Haikuwa peke yake katika uchanga huo. Timu ya Rhodesia Kaskazini iliingia uwanjani kwa jina la kikoloni, na siku ya kufunga michezo, Oktoba 24, nchi yao ikawa Zambia. Kenya ilipeleka pia timu ya magongo, iliyomaliza ya sita, na Keino akawa wa tano katika mita 5,000.

Fainali ya mita 800 ilikimbiwa Oktoba 16. Bingwa mtetezi, Peter Snell wa New Zealand, alishinda kwa dakika 1 sekunde 45.1, akifuatwa na Bill Crothers wa Kanada. Nyuma yao Kiprugut na George Kerr wa Jamaika walifika pamoja, wote wakaandikiwa dakika 1 sekunde 45.9. Waamuzi wakampa Kiprugut nafasi ya tatu. Medali ya Kenya Tokyo ilikuwa hiyo moja tu.

Naishikilia shaba hiyo kwa sababu moja kubwa. Kenya ilipotoka Mexico City mwaka 1968 na medali tisa, tatu zikiwa dhahabu za Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, wengi walisema ni hewa nyepesi ya mji ule ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari ndiyo iliyowabeba watu wa milimani. Maneno hayo yanasikika hadi leo, na yanawanyima wakimbiaji wetu haki yao. Tokyo ni mji wa bandari. Kiprugut alipambana pale na mabingwa wa dunia kwenye hewa waliyoizoea wao, akapanda jukwaani.

Mexico kwenyewe, katika fainali ya mita 800, madai hayo hayasimami. Kiprugut alikamata uongozi mapema na kuwavuta wenzake kwa kasi kali, hadi Ralph Doubell akampita kwenye mita za mwisho. Doubell alitoka Melbourne, mji wa pwani, naye alihitaji dakika 1 sekunde 44.3, sawa na rekodi ya dunia, ndipo ashinde. Kiprugut alipata fedha kwa 1:44.5. Alikuwa na miaka 30, na alikimbia haraka kuliko Snell alivyokimbia kushinda Tokyo.

Baadaye alirudi Kericho. Alifariki huko Novemba 1, 2022, akiwa na miaka 84.

Hoja ya hewa nyepesi haisimami kwa wanawake pia. Wanawake wa Kenya walishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Mexico: Lydia Stephens, Tekla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Hawakupata medali. Agosti 2024 Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alishinda mita 5,000 mjini Paris, na siku nne baadaye akashinda mita 10,000, dhahabu ambayo hakuna mwanamke mwingine wa Kenya aliyekuwa ameipata katika Olimpiki. Paris nayo iko bondeni.