Kusafisha picha
Enzi za filamu, kusafisha picha ilikuwa kazi ya chumba cha giza: filamu inatumbukizwa kwenye dawa mpaka sura ijitokeze. Leo mwanafunzi wa studio akiambiwa “isafishe hii”, anafungua Photoshop na kufuta chunusi. Wengine husema kuhariri, vijana kuediti. Mimi napenda kusafisha, ingawa neno linadanganya kidogo: ngozi yenye matundu si chafu. Brashi ya kuponya, iliyoingia na Photoshop 7 mwaka 2002, huazima umbile la ngozi ya jirani na kulioanisha na rangi ya penye doa. Anayeanza huipitisha uso mzima, bibi harusi akatoka kama mwanasesere. Chunusi ifute, itapona yenyewe. Kovu muulize kwanza mwenyewe.