Tochi za Kuruwitu

Mimi ni mama karanga, mkaanga samaki. Karai langu lilikaa juu ya mafiga pale bandarini Kuruwitu, pwani ya Kenya, tangu enzi ambazo hapakuwa na mlinzi. Pwani ilikuwa ya kila mtu, na mwenye juya alikokota apendavyo. Mwishowe tafi na pono wakawa wa kuhesabu vidoleni.

Novemba 28, 2002, bomu lililipuka hotelini Kikambala, kusini kwetu. Baada yake mahoteli yakakaza malango, askari wakachungulia chini ya magari kwa vioo. Sisi hatukuwa na lango. Bahari utaifungaje?

Tukaifunga. Mwaka 2003 wavuvi na wakazi wenzao waliunda chama, na 2005 hekta 30 zikawa tengefu: hakuna nyavu, hakuna bunduki ya samaki. Waliopinga walikuwa wengi, nami nikiwamo, maana karai tupu halisikii habari za kesho. Vijana wetu wakakesha ufukweni na tochi. Wakimkamata mtu, wamfanye nini? Walimkemea tu, basi. Kanuni za serikali za 2007 ndizo zilizovipa vikundi vya usimamizi wa ufukwe, BMU, nafasi ya kutunga sheria ndogo pamoja na idara ya uvuvi. Hapo mkaidi akapata wa kumjibu.

Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa ilikuja kwa chama hicho 2017, watu wakapiga picha. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: pono waliovuka maboya ya mpaka wa tengefu kuja upande wetu walikuwa wanene, na mafuta yaliniishia kabla ya alasiri.