Mahindi ya Kitale na lile dirisha mnaloliruka kwenye SPSS

Leo tuache kuandika programu kidogo, tuzungumzie historia ya lile dirisha la SPSS ambapo unataja vigeu vyako kabla ya kuingiza jibu hata moja. Kigeu ni kile unachopima au kuuliza: ekari, aina ya mbegu, gunia zilizovunwa. Wanafunzi wengi huliruka wakimbilie kujaza data.

SPSS ilianza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kazi ya Norman Nie, Dale Bent na Hadlai Hull. Enzi hizo data ilitobolewa kwenye kadi zenye safu 80. Kadi ni matundu tu. Mashine isingejua kwamba safu ya 4 hadi ya 6 ni mbegu, na ya 7 na ya 8 ni gunia, mpaka uieleze. Kadi zimekwisha, lakini mashine bado haijui.

Sasa twende Kitale. Mwaka 1964 watafiti wa huko walitoa mahindi chotara H611, waliyoyapata kwa kuzalisha Kitale Synthetic II na Ecuador 573, mahindi ya Amerika ya Kusini. Baadaye ikaja H614 na nyingine nyingi, zikauzwa na Kenya Seed Company, ambayo makao yake ni hapo hapo Kitale, zikafika mpaka mashamba ya Bungoma. Ile 6 ya mwanzo ni ya mbegu za nyanda za juu. Za miinuko ya wastani, kama H511, huanza na 5. Kwa hiyo 611 ni jina, si kipimo. Usipoiambia programu hivyo, itakutafutia wastani wa 611 na 614 na kukupa 612.5 bila kulalamika. Nenda kaulize mbegu hiyo dukani!

Vipimo navyo ni balaa. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90, lakini mkulima mdogo wa Bungoma anaweza kukujibu kwa gorogoro. Ukiikadiria gorogoro kuwa kilo 2, 45 ndizo gunia moja. Amua mapema safu ni ya kipi, uandike kwenye lebo.

Kibaya zaidi ni asiyejibu. Wengi humwandikia 99. Tuseme wakulima 9 wamevuna gunia 15 kila mmoja, wa 10 hakujibu. Usipotangaza kwamba 99 maana yake ni "hakuna jibu", wastani unakuwa 23.4 badala ya 15. Halafu mtu anatumia jedwali hilo kumshauri mkulima akope pesa anunue mbolea!

SPSS ni ya IBM tangu 2009 na leseni yake si rahisi. Asiyeiweza ajaribu PSPP ya mradi wa GNU. Ni ya bure, na dirisha la vigeu limo vilevile.