Jodari wa Doha, jodari wa Mombasa

Usiku wa kuamkia kura, wajumbe walialikwa kula. Ilikuwa Machi 2010 mjini Doha, Qatar, kwenye mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kesho yake, tarehe 18, ilikuwa iamuliwe kama jodari mapezi-buluu wa Atlantiki apigwe marufuku kuvushwa mipaka kwa biashara. Japani, iliyokuwa ikinunua takribani asilimia 80 ya samaki huyo, iliandaa tafrija. Miongoni mwa vilivyowekwa mezani ilikuwa sushi ya jodari huyo huyo.

Nimekirudia kisa hiki kwa sababu mwaka huu wa 2026 ni wa kumbukumbu mbili. Mei 14 inatimia miaka 60 tangu mkataba wa kuhifadhi jodari wa Atlantiki utiwe saini Rio de Janeiro, mkataba uliozaa tume ya ICCAT yenye makao yake Madrid. Machi 27 ni miaka 30 tangu tume ya Bahari ya Hindi, IOTC, ipate nguvu ya kisheria. Hiyo makao yake yako jirani, Victoria, Shelisheli. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo katika historia ya zote mbili. Katika ya kwanza tuliingia kwa heshima. Katika ya pili sina hakika.

Kwanza samaki mwenyewe. Jodari tunayemzoea Mombasa, Tanga na Lamu ni mapezi-njano. Huyu wa Atlantiki ni ndugu yake, ila ni pandikizi la samaki. Damu yake ina joto kuliko maji anamoogelea, ndiyo maana anamudu baridi ya kaskazini kisha akarudi Bahari ya Mediterania au Ghuba ya Meksiko kutaga. Aliye mzito kuliko wote waliowahi kunaswa kwa fimbo alipatikana Nova Scotia, Kanada, mwaka 1979: kilo 679. Ni uzito wa fahali.

Walioanza kumwinda kwa mchezo walimkuta hata Uingereza. Mwaka 1930 Lorenzo Mitchell-Henry alimtoa mmoja nje ya Scarborough, katika Bahari ya Kaskazini, na mji ule mdogo ukageuka kituo cha matajiri na mashua zao. Mwaka 1933 Mitchell-Henry huyo huyo akavua wa ratili 851, yaani kilo 386. Baada ya vita samaki wakapungua mwaka hadi mwaka, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha hapakuwa na wa kumfuata. Ukitaka kujua samaki mkubwa anaondoka lini, muulize anayemtafuta mmoja mmoja, kwa sababu huyo hurudi mikono mitupu mapema kuliko wenye nyavu.

Hadi wakati huo, upande wa Amerika Kaskazini, nyama yake haikuwa mali. Huko Kanada waliovua kwa mchezo walipiga picha, kisha samaki akafukiwa au akafanywa chakula cha paka. Mambo yaligeuka miaka ya 1970, ndege za mizigo zilipoanza kumbeba akiwa kwenye barafu hadi Tokyo. Miaka ya 1990 yakaja mabwawa ya kunenepesha katika Mediterania: meli za nyavu za kuzungushia zinakamata kundi zima likiwa hai, linakokotwa taratibu hadi kwenye vizimba, linalishwa mpaka linanona. Ndege ndogo ziliruka juu kutafuta makundi na kuwaelekeza manahodha.

ICCAT ilikuwepo muda wote huo. Mwaka 2007 mgawo wake kwa Atlantiki ya mashariki na Mediterania ulikuwa tani 29,500. Wanasayansi wake wenyewe walikuwa wameshauri tani 15,000 au chini ya hapo, nao walikadiria kwamba waliovuliwa hasa mwaka huo walifika tani 61,000. Mwaka uliofuata jopo huru, lililoalikwa na tume yenyewe, liliandika kwamba usimamizi wa uvuvi huu unaonwa na wengi kuwa aibu ya kimataifa. Nimeisoma ripoti ile zaidi ya mara moja, na kila mara hunishangaza kwamba walioitwa kukagua nyumba waliandika hivyo mbele ya mwenye nyumba.

Basi Monaco, nchi ndogo isiyo na meli kubwa za jodari, ikapeleka shauri Doha: kama tume ya uvuvi imeshindwa, CITES ifunge biashara. Mashirika ya uhifadhi yalitarajia mjadala wa siku kadhaa, wenye nafasi ya kushawishiana kwenye korido. Haikuwa hivyo. Umoja wa Ulaya uliunga mkono kwa masharti, ukitaka marufuku isubiri hadi Mei 2011. Nchi nyingi zinazoendelea ziliona ni njama ya matajiri kuwafungia masikini soko. Mjumbe wa Libya alisimama, akaishambulia hoja kwa ukali, akataka kura ipigwe papo hapo. Ikapigwa. Pendekezo la Ulaya likaanguka, kisha la Monaco likaanguka vibaya zaidi: 20 waliafiki, 68 walikataa, 30 hawakuegemea upande wowote.

Waliosimama waziwazi na Monaco bila masharti walihesabika: Marekani, Norwei, na Kenya.

Kenya haina hata jodari mapezi-buluu mmoja wa Atlantiki. Haikuwa na meli ya kulinda wala soko la kupoteza. Ilichukua msimamo wake wa miaka mingi wa kupinga biashara ya pembe za ndovu, ikauhamishia kwa samaki ambaye wananchi wake wengi hawajapata kumwona, na haikuogopa kubaki na wachache. Sijaona shuleni kitabu kinachokitaja kisa hiki. Kingestahili ukurasa.

Na kushindwa kule hakukuwa bure. ICCAT ilijua kwamba imeponea chupuchupu, na kwamba mara nyingine isingepona. Mgawo wa 2010 ulikuwa umeshashushwa hadi tani 13,500. Safari hii ukafuatwa. Ndege za kutafuta makundi zilikuwa zimeshapigwa marufuku, samaki wa chini ya kilo 30 walilindwa isipokuwa kwa ruhusa chache, kila shehena ilikuwa na karatasi yake tangu baharini hadi sokoni, wakaguzi waliwekwa kwenye meli na vizimba. Samaki akarudi. Ameonekana tena Norwei na Uingereza. Mwaka 2021 orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ilimtoa katika kundi la walio hatarini, na mgawo wa 2023 hadi 2025 ukapandishwa hadi tani 40,570 kwa mwaka. Hakuna muujiza hapo. Hesabu ilitajwa na ikaheshimiwa.

Sasa turudi nyumbani. Meli kubwa za Ufaransa na Hispania ziliingia Bahari ya Hindi magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2015 wanasayansi wa IOTC walitangaza kwamba jodari mapezi-njano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 ikaamuliwa wakubwa wapunguze, lakini jumla ya mavuno haikupungua ilivyokusudiwa. Tathmini ya 2024 imeleta nafuu kwa mapezi-njano. Nduaro mwenye mistari, samaki mwingine aliye chini ya tume hiyo, bado yuko pabaya.

Mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya vyelezo. Meli huachia baharini maboya yenye mitambo ya setilaiti na vitu vinavyoning'inia majini. Sehewa hukusanyika chini yake, na pamoja nao watoto wa jodari ambao hawajataga hata mara moja. Nyavu za meli huwazoa wote. Februari 2023 tume ilikutana Mombasa kwa kikao maalumu cha jambo hilo. Kenya, iliyokuwa na pendekezo lake, iliondoa pendekezo hilo. Indonesia na wenzake wakasukuma la kwao, lenye kusimamisha vyelezo siku 72 kila mwaka, likapata theluthi mbili za kura. Umoja wa Ulaya ukawasilisha pingamizi, wengine wakafuata, mpaka waliopinga wakazidi theluthi moja ya wanachama na azimio likakosa meno.

Hilo linaniuma kuliko kura ya Doha. Kule tulisimama kwa ajili ya samaki wa watu. Huku kikao kilikuwa kwetu, mvuvi wa Shimoni au Kipini yuko umbali wa safari ya basi, na sauti yetu ikafifia.

Msimu wa kaskazi uliopita nilipanda mashua Watamu na nahodha aliyeanza kazi akiwa kijana wa kukata chambo. Tulipata sulisuli mmoja kabla ya saa nne. Alipofikishwa ubavuni, tanga la mgongoni lilikuwa la buluu kali na kiwiliwili kiking'aa kama shaba iliyopigwa msasa. Baharia alivaa glavu, akamshika mdomo mrefu uliochongoka, mwingine akachomeka chini ya tanga kibandiko chembamba cha plastiki chenye namba. Ndoana ikatolewa. Mashua iliendelea kwenda polepole, samaki akiwa bado ameshikwa, ili maji yapite kwenye matamvua hadi apate nguvu. Kisha mkia ukapiga na mkono ukabaki mtupu.

Nahodha aliniambia kwamba zamani wote walipelekwa kwenye mizani ufukweni, wateja wapige picha. Samaki wenye namba kama yule, waliowekewa alama pwani ya Kenya na kuandikwa na shirika la African Billfish Foundation hapo hapo Watamu, ni makumi ya maelfu. Mwaka 2018 IOTC nayo iliweka kikomo: tani 25,000 za sulisuli kwa mwaka, tani 3,260 za nduaro mwenye mistari. Nahodha akajaza kadi kwa kalamu ya risasi: namba, urefu wa kukadiria, mahali, saa. Akaisukuma ndani ya kopo pamoja na nyingine za wiki ile, akageuza usukani kuelekea nje, ambako upeoni ilionekana meli nyeupe ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kusoma jina lake.